Mjadala: Metodi saidizi za kanzidata kwenye PHP zinasaidia au zinalemaza?

Mleta mada: Wakuu, kazini tumegawanyika. Kila tukiiuliza kanzidata tunaandika prepare (kuandaa swali), execute (kuliendesha), kisha fetchAll (kuleta majibu yote). Nikaunda metodi moja, leta($sql, $data), inayofanya yote matatu. Kiongozi wangu kaikataa, eti naificha SQL, lugha ya kuiulizia kanzidata. Naificha wapi na naiandika mwenyewe?

Kongwe: Mistari mitatu tu imeshawachosha? Vijana wa siku hizi hata kupiga chafya mtatafuta fremuwaki.

BintiMsimbo: Kongwe, nyie ndio mliotuachia mysql_query, ile njia ya zamani, na $_GET, data inayotoka kwa mtumiaji, imebandikwa humohumo ndani ya SQL, mlango wazi kwa wadukuzi. Nimerithi mifumo yenu, naijua.

Kongwe: Ndicho kilichokuwepo.

BintiMsimbo: PDO, njia yenye hiyo prepare, imekuja na PHP 5.1, mwaka 2005. Mkang'ang'ania hadi mysql_query ikang'olewa.

Zumbe: Kwenye 5.5 kama sikosei.

Mchokonozi: Unakosea. 5.5 ilianza kutoa onyo. Iling'olewa 7.0, 2015.

Pembeni: Mleta mada, metodi yako inalinda thamani tu. Alama ya ?, inayoshika nafasi ya thamani ndani ya SQL, haibebi jina la jedwali wala la safu. Siku mtu akitaka ORDER BY (mpangilio wa matokeo) ifuate chaguo la mtumiaji, atabandika jina ndani ya SQL ndipo aipitishe kwa leta(), akidhani yuko salama. Weka orodha ya majina yanayoruhusiwa.

Kongwe: Binti, "mifumo yenu" ipi? Yangu inapiga kazi mpaka leo.

BintiMsimbo: Inapiga kazi kwa huruma ya wadukuzi.

Mleta mada: Jamani! PHP 8.2 yenyewe imeleta execute_query, prepare na execute kwa mkupuo. Waliotengeneza lugha nao wavivu?

Mchokonozi: Hiyo ya mysqli, njia nyingine ya PHP kuongea na kanzidata ya MySQL. Wewe uko PDO.

Mleta mada: Najua! Wazo si lilelile?

Zumbe: Tumieni Eloquent ya fremuwaki ya Laravel, iwaandikie SQL yenyewe, mlale usingizi.

Mchokonozi: Alale nani? Ukurasa una makala 50, kanzidata inaulizwa mara 51, moja kwa makala na 50 kwa waandishi, kwa kuwa mtu kasahau with() ya kuwaleta waandishi wote kwa mpigo.

Zumbe: Kosa la mtu hilo, si la Eloquent.

Kongwe: Anayeandika SQL kwa mkono angeziona hizo 51. JOIN moja ya kuunganisha majedwali, kazi imekwisha.

BintiMsimbo: JOIN zenu tunazijua pia. Majedwali tisa, indeksi za kuharakisha utafutaji hakuna, ukurasa unafunguka mtu keshazeeka.

Kongwe: Taja mfumo mmoja niliouandika mimi. Mmoja tu. Nasubiri.