Mrejesho: goti la mama na zile seli shina

Wakuu, niliuliza kama sindano za seli shina (stem cells, seli changa zinazoweza kugeuka seli za aina nyingine) zinaotesha upya gegedu, ile tishu laini inayokinga ncha za mifupa, la goti la mama, maana kuna jamaa alitushawishi tuuze kiwanja cha Ujiji tukamchome mama sindano hizo. Tumeenda kwa daktari wa mifupa. Picha ilionyesha mifupa inakaribia kugusana. Kasema gegedu halina mishipa ya damu, ndiyo maana likilika halijiponyi kirahisi. Korea Kusini waliidhinisha tiba ya gegedu la goti iitwayo Cartistem mwaka 2012, inayotumia seli shina za damu ya kitovu cha wachanga, ila hiyo hupandikizwa kwa upasuaji, si kuchoma ukaondoka. Kiwanja hakiuzwi! Mama kapewa mazoezi ya paja na mkongojo. Mkongojo kaukataa, anatembelea kipande cha kasia la marehemu baba. Ngazi za mlangoni bado zinamtesa.