Naomba ushauri: zamu ya baba imefika na kwao kuna kipindupindu

Habari za jioni wapendwa. Nipo Ujiji, mwanangu ana miaka 6. Mahakama ilinipa mimi malezi, baba yake anamchukua kila baada ya wiki mbili. Sasa kwao, Kibirizi, kipindupindu kimeingia. Choo wanachangia nyumba nne, maji wanachota ziwani. Nimemwomba aje amwone hapa kwangu, siku zilizopotea tuzifidie likizo. Amekataa, anasema nakaidi amri. Mtoto kashaweka kibegi chake mlangoni, anampenda sana baba yake, hapo ndipo ninapoumia. Najua Sheria ya Ndoa ya 1971 inaruhusu kuomba amri ibadilishwe hali ikibadilika. Je, nianzie ustawi wa jamii tuandikishane, au niende mahakamani moja kwa moja? Zamu yake ni Jumamosi hii.