Wakuu, bembea yangu ya Idd: nichore Mickey au nichore Simba?

Fundi_Ngamiani
Habari zenu wanajamvi. Mimi fundi wa kuchomelea, hapa hapa Tanga. Tangu utoto napenda viwanja vya Disney. Sijavifika, ila video zake nimezitazama mpaka najua chombo kipi kiko wapi. Sasa nimeunda bembea ya duara, ile ya kupanda juu na kushuka. Ina masanduku manane yenye umbo la jahazi, inazungushwa na mota ya mashine ya kusaga. Idd hii nataka iwe uwanjani, mtoto shilingi 500. Zimebaki siku tisa na mchoraji ananisubiri. Nikichora Mickey na Simba, wale wa katuni za Disney, naweza kushtakiwa? Usingizi sipati.

Wakili_wa_Kibarazani
Mickey wa mwaka 1928, yule asiye na rangi, hakimiliki yake Marekani iliisha tarehe 1 Januari 2024. Huyo wa glovu nyeupe unayemfikiria wewe alikuja baadaye, na alama ya biashara ni jambo jingine kabisa. Mwache. Chora simba wako mwenyewe, manyoya yake uyajue wewe.

Bin_Pangani
Na "Hakuna Matata" usiiandike! Disney walikwisha kuisajili kule Marekani kwa ajili ya fulana, na mwaka 2018 watu walilalamika sana mtandaoni. Mimi nilikuwa nauza fulana za maneno hayo kwa wageni pale Pangani, nikaingiwa na hofu nikazigawa zote kwa vijana wa mpira. Timu nzima ikawa inacheza na Hakuna Matata kifuani, na walifungwa kila Jumapili.

Kijana_wa_Mikanjuni
Mkuu, mbona unakwenda mbali? Kule Animal Kingdom, Florida, bustani ya Disney iliyofunguliwa 1998, wamejenga kijiji wakakiita Harambe, mfano wake mji wa Lamu. Kuta za chokaa, milango, maandishi ya Kiswahili. Mara ya kwanza kuiona video yake nilijihisi niko kwa bibi yangu. Wao wameiga mwambao wetu, nawe una majahazi tayari. Yape majina ya mwambao: Toten, Amboni, Raskazone.

Shangazi_Makorora
Majina mazuri, lakini mimi nina swali moja. Mtoto akiwa juu kabisa, ndani ya hicho kijahazi, kinachomzuia asitoke ni nini?

Fundi_Ngamiani
Kuna kamba, shangazi. Nashukuru kwa majina, Kijana wa Mikanjuni, Amboni nimeipenda. Je, rangi ya buluu au kijani?

Shangazi_Makorora
Kamba gani? Na umeshampandisha mtoto?

Fundi_Ngamiani
Nimejaribu mara moja. Alipanda mpwa wangu, miaka saba. Kijana anayesukuma aliachia mapema, jahazi likayumba, mtoto akaanguka. Mkono umevunjika ila amefungwa plasta na anaendelea vizuri. Naomba msinihukumu haraka. Disneyland yenyewe siku ya ufunguzi, tarehe 17 Julai 1955, tiketi za kughushi zilijaa, lami ilikuwa mbichi viatu vya kina mama vikazama, mabomba ya maji ya kunywa hayakutosha. Leo dunia nzima inapanga foleni. Nafasi uwanjani nimeshailipia na mchoraji amechukua nusu.

Wakili_wa_Kibarazani
Lami mbichi haivunji mkono wa mtoto, ndugu yangu.

Mdadisi_Usagara
Jamani, uzi huu umetungwa. Someni tena. Mwanzo inazungushwa na mota, sasa kuna kijana anayesukuma. Halafu huyo dada yuko wapi? Mama gani wa Tanga mwanawe avunjike mkono kwenye bembea ya mjomba, na hiyo bembea ibaki imesimama?

Bin_Pangani
Mimi nimeshasimulia habari za fulana zangu, kumbe ni hadithi!

Fundi_Ngamiani
Sijatunga. Mota nimeifunga baada ya ajali, kwa sababu mkono wa mtu ndio ulioachia. Na dada hajaja kwa kuwa nilimwambia mtoto ameanguka mwembeni. Mtoto nilimwomba aseme hivyo hivyo, akakubali.

Shangazi_Makorora
Wee mwanangu! Umembebesha mtoto plasta, ukambebesha na uongo wako juu yake.

Mchomeleaji_Pongwe
Mimi ni wa kazi hiyo hiyo. Mota haitibu kitu, inazungusha kosa lile lile kwa kasi zaidi. Gurudumu la Ferris pale Chicago mwaka 1893 lilikuwa na mabehewa 36, watu 60 kila moja, na yalikuwa yamefungwa pande zote. Majahazi yako yako wazi. Weka chuma cha kupita juu ya mapaja, komeo liwe nje, lifungwe na mtu mzima. Weka breki inayoshika umeme ukikatika. Kisha pakia mifuko ya mchanga uizungushe kutwa nzima, na wakaguzi waje kabla ya mtoto yeyote. Siku tisa hazitoshi. Nitakuja kukusaidia kuchomelea, bure, iwe kwa Idd ijayo.

Fundi_Ngamiani
Nafasi nimeshailipia, kaka.

Shangazi_Makorora
Dada yako anajua?

Fundi_Ngamiani
Nimempigia sasa hivi nikamwambia yote. Alikata simu kabla sijamaliza.

Kijana_wa_Mikanjuni
Vuta subira, mkuu. Tupo nawe.

Fundi_Ngamiani
Amefika karakana na mtoto. Hajanisalimia, amesimama anaitazama bembea. Mtoto anamwonyesha jahazi lake ni lipi. Natoka nje.