Tupeane uzoefu: ni nani aliyewahi kuisoma rasimu ya kanuni kabla haijawa sheria?

MwanaSakina

Habari za jioni wanajamvi. Leo asubuhi nilipita ofisi ya kata kufuata barua ya utambulisho ya mwanangu, nikaona kwenye ubao wa matangazo karatasi iliyopauka kwa jua, ikisema kwamba halmashauri inakusudia kutunga sheria ndogo za ada na ushuru, na kwamba mwananchi mwenye maoni au pingamizi ayawasilishe kwa maandishi. Karatasi ilitaja jina la sheria ndogo na tarehe ya mwisho, lakini haikusema rasimu yenyewe inapatikana wapi.

Pale pale nikakumbuka mwaka 2019. Waziri Mkuu alitangaza Bungeni mwezi Aprili kwamba ifikapo tarehe 1 Juni mifuko ya plastiki itakuwa marufuku, nami wakati huo nilikuwa nikiuza mifuko kwa jumla. Lengo nililiunga mkono na ninaliunga mkono hadi leo, kwa sababu mfereji wa mtaani kwetu ulikuwa ukiziba kila masika. Ila kwa hofu niliuza kwa hasara kila nilichokuwa nacho, hata mifuko ya taka, na kanuni zilipotoka nikakuta kwamba vifungashio vya shughuli za usafi na udhibiti wa taka havikuwa vimekatazwa. Kama ningeiona rasimu wiki mbili mapema, ningeinusuru nusu ya mtaji wangu. Je, kuna aliyewahi kushika rasimu mkononi, akatoa maoni, na maoni yake yakajibiwa?

Mama Kiborloni

Dada yangu, umenigusa mahali panapouma, na naomba mnivumilie kwa sababu sitaweza kueleza kwa ufupi.

Mimi nauza mitumba huku Moshi kwa miaka mingi. Siku moja mwenyekiti wa soko alipita kwenye vizimba akisema kesho saa nne kuna kikao cha kupokea maoni kuhusu ushuru mpya. Siku yenyewe ilikuwa siku ya kufungua marobota, siku ambayo mfanyabiashara wa mitumba hawezi kuondoka kizimbani, kwa maana wateja wa nguo za daraja la kwanza huja asubuhi na kumaliza. Hata hivyo nilimwachia mdogo wangu kazi nikaenda, pamoja na akina mama wengine kama kumi.

Tulifika tukapewa karatasi ya mahudhurio, tukaandika majina, namba za simu na saini. Baada ya hapo ofisa alisimama na kutusomea vichwa vya vifungu kwa muda usiozidi nusu saa, akiwa na nakala moja tu, ambayo ilikuwa yake. Niliuliza kama tunaweza kupata nakala ili tukaisome na wenzetu, nikaambiwa kwamba waraka bado ni wa ndani. Nikauliza kiwango cha kizimba cha kona kitakuwa kiasi gani, nikaambiwa kwamba viwango viko kwenye jedwali na jedwali bado linaboreshwa. Mama mmoja mtu mzima, aliyetuzidi sote umri, alisema kwa upole kwamba hawezi kutoa maoni juu ya kitu ambacho hajaonyeshwa, na akakaa kimya hadi mwisho.

Miezi kadhaa baadaye ushuru ulipanda, na tulipokwenda kulalamika tuliwekewa mezani faili lenye ile karatasi ya mahudhurio. Saini yangu ilikuwa ya tatu kutoka juu, na juu yake palikuwa pamechapwa maneno kwamba wadau walishirikishwa na kuridhia. Nilisimama nikaitazama saini yangu mwenyewe kana kwamba imeandikwa na mtu mwingine. Ushuru ningeulipa, kwa kuwa soko lina choo, taa na mlinzi, na vitu hivyo vina gharama. Lililoniumiza ni kwamba mahudhurio yangu yaligeuzwa kuwa ridhaa, na wenzangu ambao hawakwenda waliniuliza kwa nini tulikubali kwa niaba yao.

Binti Pasua

Hiyo karatasi ya mahudhurio naijua. Pole sana, mama.

Mstaafu wa Halmashauri

Nimefanya kazi serikalini kwa zaidi ya miaka ishirini, na naomba upande wa pili nao usikike. Sheria ya serikali za mitaa inaitaka halmashauri iwatangazie wakazi kusudio la kutunga sheria ndogo na ipokee maoni na pingamizi zao. Tulikuwa tunabandika matangazo, tunawaandikia watendaji wa kata, tunaitisha mikutano, na wanaokuja ni watu saba. Wa kwanza kuinua mkono huuliza posho iko wapi. Mnataka ofisa afanye nini?

Mama Kiborloni

Shikamoo mzee wangu. Mimi sikuuliza posho. Niliomba nakala ya waraka.

Kijana wa Unga Limited

Mzee, kwa heshima zote, suala la posho linatumika kutunyamazisha. Mtu anayefunga biashara siku nzima ili aje kuisaidia halmashauri kutunga sheria nzuri, akiuliza kuhusu nauli amekosa adabu gani, wakati ofisa aliyeketi mbele yake analipwa kwa siku hiyo hiyo?

Mstaafu wa Halmashauri

Sijasema kwamba ni utovu wa adabu. Nimesema kwamba ushiriki unaotegemea malipo hufa fedha zinapokwisha.

Mwalimu Ngarenanyuki

Naomba nituongezee jambo ambalo halihusu ushuru. Kanuni na viwango vinavyotungwa mbali nasi huingia hadi midomoni mwetu, na ninamaanisha hivyo kabisa. Wanafunzi wangu wengi wana meno ya kahawia kwa sababu ya madini ya floraidi yaliyomo katika maji yanayoteremka mlima Meru. Shirika la Afya Duniani linapendekeza yasizidi miligramu 1.5 kwa lita, lakini kwa miaka mingi kiwango cha nchi yetu kiliruhusu hadi miligramu 4, kwa kuwa maeneo mengi hayakuwa na chanzo kingine cha maji. Sababu hiyo naielewa. Lakini wazazi ninaofahamiana nao walinywa maji hayo miaka yote bila kujua kwamba kuna kiwango, kwamba kuna watu waliokaa wakakipanga, na kwamba rasimu za viwango hutolewa ili umma uzitolee maoni kabla hazijapitishwa. Namba ile ilihusu taya la mtoto wa hapa, na hapa hakuna aliyeulizwa.

Mkazi wa Njoro

Kwenye bei za maji hali ni nzuri kidogo. Sheria ya EWURA, yaani mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, inaitaka mamlaka hiyo ifanye uchunguzi wa wazi kabla ya kupanga bei, na ndiyo maana kunakuwa na mikutano ya taftishi, yaani ya uchunguzi huo. Nimehudhuria mmoja. Ombi la bei lilielezwa hadharani, baraza la watumiaji likalipinga kwa hoja, na sisi wateja tukapewa kipaza sauti. Bei ilipanda, ila angalau nilijua ni kwa nini.

Kijana wa Unga Limited

Sasa mimi nieleze yangu. Nilikuwa naendesha guta la kukodi, nabeba viazi na vitunguu kutoka sokoni. Siku moja nilikamatwa na mgambo kwa kosa la kupakia mzigo mahali palipozuiliwa na sheria ndogo mpya, guta likapelekwa yadi, nikatakiwa kulipa faini pale pale. Nilikuwa nimemsikia wakili mmoja redioni akisema kwamba sheria ndogo lazima itangazwe kwenye Gazeti la Serikali, kwa hiyo niliuliza namba ya Tangazo la Serikali ni ipi. Mgambo alicheka. Ofisini waliniambia nikaulize mahakamani, nami nikasema sawa, nipelekeni.

Kesi ilitajwa mara ya kwanza, mwendesha mashtaka akasema nakala italetwa. Mara ya pili ikawa vilevile. Wakati huo mwenye guta alikuwa ananidai hesabu ya kila siku, na yadi nayo ilikuwa inahesabu siku zake. Mke wangu aliuza redio na kitanda cha wageni. Mara ya tatu hakimu alidai kuiona sheria yenyewe, na karatasi iliyoletwa haikuwa na saini ya mwenye mamlaka wala namba yoyote, kwa kuwa ilikuwa rasimu iliyokuwa bado haijakamilisha safari yake. Hakimu aliisoma kimya, akaigeuza nyuma, akairudisha, na akaniachia huru. Guta lilikuwa limekaa yadi siku kumi na tisa, na mwenyewe alilichukua akampa dereva mwingine.

Rasimu ile ambayo mama Kiborloni alinyimwa kwa sababu ni ya ndani, mimi nilikamatiwa nayo barabarani.

Binti Pasua

Nimeisoma mara mbili. Kaka, hiyo sentensi ya mwisho imenitoa machozi.

Fundi Kijenge

Kuanzia kesho nikikamatwa nitauliza namba ya Tangazo kabla hata ya salamu.

Dereva wa Usa River

Nami nitafanya hivyo. Kwani hiyo namba inatafutwa wapi?

Wakili Njiro

Naomba tusikimbilie huko sote. Ni kweli kwamba sheria ndogo hutangazwa kwenye Gazeti la Serikali, na kwa kawaida huanza kutumika siku hiyo isipokuwa yenyewe imeelekeza vinginevyo. Lakini nyingi mnazokamatiwa nazo zina namba halali, na ukitegemea hoja hiyo peke yake utalala ndani bure. Tena namba haithibitishi kwamba mliulizwa. Ibara ya 97(5) ya Katiba inaliruhusu Bunge kukabidhi mamlaka ya kutunga kanuni kwa watu au idara za Serikali, na kanuni hizo hufikishwa mbele ya Bunge zikiwa zimekwisha kutangazwa. Kamati ya Sheria Ndogo huzichambua na hugundua kasoro, ila wakati huo nyinyi mmekwisha kulipa faini.

Kijana wa Unga Limited

Wakili, mimi sikuwa na hoja nyingine. Usiwavunje moyo watu kwa jambo lililoniokoa.

Wakili Njiro

Sikukusudia hivyo, ndugu yangu. Ulisimama vizuri kuliko wateja wangu wengi. Ninachotaka ni kwamba mlango ufunguliwe kabla ya yadi. Marekani wana sheria ya mwaka 1946 inayozitaka taasisi kutangaza kanuni inayopendekezwa, kupokea maoni ya yeyote, na kueleza msingi wa uamuzi zinapotoa kanuni ya mwisho. Mahakama huzitengua kanuni ambazo taasisi ilipuuza maoni mazito. Kujibu maoni ndiko kunakokosekana kwetu. Maoni yakipokelewa bila kujibiwa, hakuna anayeweza kuthibitisha kwamba yalisomwa.

Mpakiaji wa Namanga

Msiende mbali hivyo. Hapa hapa ng'ambo ya kizuizi, Kenya wana sheria ya mwaka 2013 inayomtaka mtunga kanuni ashauriane na watakaoguswa, na kanuni isipofikishwa Bungeni ndani ya siku saba za vikao baada ya kuchapishwa, inakoma kuwa na nguvu. Hawajamaliza matatizo yao, lakini ofisa anajua kwamba akiruka hatua kazi yake inaanguka.

Mstaafu wa Halmashauri

Nakubali jambo moja. Rasimu nyingi zilikuwa za Kiingereza, nasi tuliwafafanulia wananchi kwa mdomo, na katika kufafanua mengi yalipotea. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria, hivyo kisingizio hicho kimekwisha. Mwana Sakina, usisubiri kikao. Andika barua, peleka nakala mbili, na ya kwako igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe.

Fundi Kijenge

Barua hukaa kwenye trei. Mbaneni diwani siku ya gulio, mbele ya watu.

Mwalimu Ngarenanyuki

Diwani hupiga kura moja. Mimi naona bora mtumie Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, muombe rasimu kwa maandishi, kwa maana ofisi inapaswa kujibu ndani ya siku thelathini.

MwanaSakina

Mwalimu, siku thelathini sina. Tarehe iliyoandikwa kwenye tangazo imebakiza siku kumi na mbili, kwa hiyo nilirudi leo mchana. Mtendaji alinipokea vizuri, na baada ya simu mbili rasimu ikapatikana. Nimeitoa nakala kwa fedha yangu. Ni kurasa thelathini na moja, na viwango vyote viko kwenye jedwali la mwisho, kuanzia meza ya mama lishe hadi kizimba cha kona. Nimekwisha kuona kifungu kimoja ambacho kinamtoza mtu yule yule mara mbili kwa eneo lile lile. Nawatumia picha za kurasa zote usiku huu, tugawane kusoma.

Mama Kiborloni

Halmashauri yenu si yetu, lakini nipe jedwali. Hayo nayajua kwa kichwa. Na barua ikiwa tayari, majina ya waliosaini yaandikwe chini ya maoni yao wenyewe, katika ukurasa huo huo.

Mstaafu wa Halmashauri

Nileteeni kifungu hicho cha kutoza mara mbili. Nitawaandikia namna ya kukipinga.