Parachuti ya akiba ya 126 pamoja na kuu ya 170: nichukue au niache?

Mrukaji_Mpya

Wakuu, habari zenu. Nimemaliza mafunzo ya kuruka na parachuti, leseni ninayo, na nimechoka kukodi vifaa. Nimepata seti iliyotumika kwa bei ya kuvutia: mkoba wa kubebea parachuti zote mbili uko vizuri, kifaa kinachofyatua akiba chenyewe bado kina miaka mbele yake, parachuti kuu ni ya futi za mraba 170. Akiba sasa, ile ya kuokoa kuu ikigoma, ni 126. Mimi nina kilo 78. Nikivaa kila kitu mizani inasoma 90.

Muuzaji anasema nisihangaike na akiba, eti watu wanastaafu bila kuifungua. Tena lebo yake imeandikwa pauni 254 na mimi sifiki hata 200. Anaongeza kwamba muda si mrefu nitashuka hadi kuu ya 150 au 135, na hapo akiba ndogo itakuwa imeshakaa mahali pake. Hoja zinaingia akilini, ila kuna kitu kinagoma. Akiba inatakiwa iwe na ukubwa gani ukilinganisha na kuu?

FundiKamba

Mkuu, hicho kinachogoma kisikilize. Kazi yangu ni kufungasha akiba za watu, na huyo muuzaji wako nimeshakutana naye mara nyingi, kwa sura tofauti.

Anza na hesabu. Kilo 90 ni pauni 198. Chini ya 170, kila futi ya mraba inabeba pauni 1.16. Chini ya 126 inabeba 1.57. Sasa niambie: kesho asubuhi ukifika uwanjani ukasema unataka kuruka na kuu ya 126, mkufunzi wako atakuruhusu upande ndege? Hathubutu. Kwa leseni ya kwanza kawaida wanataka usivuke pauni 1.0 kwa futi ya mraba, kwa hiyo hata hiyo 170 naiangalia kwa jicho la pembeni. Kwa uzito wako ningeanza na 200. Halafu mtu huyohuyo asiyeruhusiwa kuruka na 126 mchana kweupe, anauziwa 126 ya kumwokoa. Na akiba huna siku ya kuizoea taratibu. Mnakutana kwa mara ya kwanza ukiwa umeshapoteza mwinuko, uwanja uko mbali, na chini pengine ni miti na nyaya za umeme.

Usifikirie pia kwamba akiba ni kuu iliyopunguzwa saizi. Kuu za siku hizi nyingi zina seli tisa, yaani vyumba vinavyojaa hewa, na kitambaa kisichopitisha hewa. Akiba kwa kawaida ni seli saba, na kitambaa chake hupitisha hewa kidogo, kwa sababu kazi yake ya kwanza ni kufunguka upesi na kwa uhakika. Ukivuta breki kutua, haikubebi kwa muda mrefu kama ulivyozoea. Izidishie mzigo, na nafasi ya kuvuta kwa wakati sahihi inabaki finyu. Kamba zikijisokota wakati wa kufunguka, yenye mzigo mkubwa inakuzungusha kwa fujo zaidi. Na kila kona unayokata inakula mwinuko ambao huna.

Kuhusu lebo: hiyo pauni 254 utaiona kwenye akiba nyingi za zamani, kubwa kwa ndogo. Ni kikomo cha nguvu. Maana yake ikifunguka na mtu wa uzito huo, kwa kasi iliyoandikwa hapohapo kando, nailoni na kamba zitahimili. Magoti yako lebo haiyajui. Fungua kitabu cha mtengenezaji, mara nyingi utakuta jedwali la pili lenye uzito anaoushauri kwa anayeanza, na huo huwa chini kabisa ya ule wa lebo. Hilo ndilo jedwali lako.

Kwa pauni 198 mimi nisingekufungashia chini ya 176, hiyo ni 1.13 hivi. Ukipata kubwa zaidi na mkoba ukaipokea, bora zaidi.

BegaMoja

Naunga mkono kwa mguu na mkono, maana mkono wenyewe ninao mmoja unaoaminika. Bega langu la kulia lilichomoka nikiwa angani, kuu ikafunguka vibaya ikaanza kunizungusha, nikaikata, yaani nikaiachia iende, kwa mkono wa kushoto. Akiba ilikuwa kubwa kuliko kuu yangu. Nilipotazama juu nikaona nyeupe imejaa, iko mraba, breki bado zimebanwa kama zilivyofungashwa. Nikaziacha hivyohivyo. Kuvuta kishikio kimoja bila cha pili ni kujigeuza karibu na ardhi, kwa hiyo nilikuwa naivuta raiza ya nyuma, ule mkanda wa begani unaoshika kamba, kidogokidogo kwa mkono mzima, naelekea kwenye upepo. Nikatua bila kuvuta chochote, miguu pamoja, nikajiviringisha kwenye shamba lililolimwa. Nilijaa udongo hadi masikioni, lakini nilitembea mwenyewe hadi barabarani. Yule anayekuuzia 126 mwulize angetuaje hapo.

KasiKali

Wakongwe, mnamtisha kijana. Mimi naruka na kuu ya 97. Mkiniambia akiba 176, siku zote mbili zikifunguka pamoja itakuwaje? Si mlitufundisha zilingane? Kwa hiyo anayepanga kushuka saizi ana sababu ya kuchukua akiba ndogo tangu mwanzo.

FundiKamba

KasiKali, swali lako ni zuri na ndiko kanuni ya "akiba ikaribiane na kuu" inakotoka. Mtu anachelewa kufungua, kuu iko katikati ya kujaa, anapita futi 750 hivi bado yuko kasi, kifaa kinafyatua akiba, na sasa ana mbili juu ya kichwa. Ndiyo maana mwaka 2013 chama cha warukaji cha Marekani, USPA, kilipandisha mwinuko wa chini wa kufungua hata kwa wenye leseni za juu, kutoka futi 2,000 hadi 2,500.

Performance Designs, watengenezaji wa parachuti, walilifanyia majaribio jambo hili miaka ya 1990, wakirusha parachuti mbili kwa makusudi. Zenye ukubwa unaokaribiana huwa na tabia ya kukaa pamoja, moja mbele ya nyingine au ubavu kwa ubavu, na mtu anaweza kushuka nazo akiendesha kwa upole. Zikitofautiana sana kasi zao zinapishana na zinasumbuana. Zikiachana kabisa na kukimbilia chini kila moja upande wake, hapo kuu inakatwa. Mengine afundishwe na mkufunzi wake uwanjani, si hapa.

Lakini angalia mpangilio wa hatari. Akiba ikifunguka, mara nyingi itakuwa peke yake. Kwa hiyo kwanza uzito wako, kisha kulingana na kuu. Kwa mtu wa kawaida mambo hayo mawili hayagombani hata kidogo: kuu ya 200 au 190 na akiba ya 176 zinaelewana vizuri. Yanagombana kwa wewe wa 97, kwa sababu kuu yako ndiyo iliyokimbia. Wewe ufungue juu, ukae na akiba inayokubeba. Kuibana akiba ifanane na 97 ni kuharibu palipobaki pazima.

Mrukaji_Mpya, kuna mawili hujaambiwa na muuzaji. Namba za saizi hazipimwi kwa njia moja na watengenezaji wote, kwa hiyo 176 ya huyu si lazima iwe 176 ya yule. Linganisha majedwali. Pili, mkoba: sehemu ya akiba imekatwa kwa 126, na 176 haitaingia kwa kusukumwa. Mkoba uliojazwa kupita kiasi unaweza kuchelewesha akiba kutoka, na mimi sitautia muhuri wangu. Kuna akiba za kitambaa chembamba, kama Optimum ya Performance Designs, zinazokunjika ndogo karibu kwa saizi nzima. Toka 126 hadi 176 lakini ni saizi kadhaa. Haitafika.

Mrukaji_Mpya

Nimekuelewa, fundi. Nimemwandikia kwamba seti nzima siitaki. Amerudi na ofa ya kuniuzia kifaa cha kufyatua peke yake. Nichukue hicho, halafu nitafute akiba ya 176 kwanza na mkoba unaoipokea?

FundiKamba

Ndiyo, kwa mpangilio huohuo. Kifaa kisome tarehe ya kutengenezwa iliyo kwenye chombo chenyewe, usikubali picha ya kadi. Akiba ikija, kabla hujalipa niletee niifungue: kuna kijedwali kimechapwa kwenye kitambaa chake ambako kila fundi anaweka alama akifungasha, na kingine cha mara ilizotumika. Kwa zile za Performance Designs ikifika kufungashwa mara 40 au kutumika mara 25 inarudi kiwandani kukaguliwa, na gharama hiyo muuzaji wa aina hii hawezi kukutajia. Mkoba tutautafuta baadaye, tukishajua tunafungasha nini.