Mrejesho: sakafu ya mbao na vishindo kwa jirani wa chini

Ndugu zangu, niliwauliza nifanyeje ili nikiweka sakafu ya mbao kwenye fleti, vishindo visimsumbue jirani wa chini. Kazi imeisha, asanteni sana. Tulitandika mpira mzito wa milimita 5, mbao zikakaa juu yake bila msumari wala gundi.

Kilichotaka kuniponza ni pembeni. Fundi alizisukuma mbao hadi zikagusa ukuta, na kishindo hupitia hapo hapo. Ilibidi azikate upya, akaacha nafasi ya milimita 10 kuzunguka chumba kizima.

Jana nilishuka kwa mama wa chini, mwanangu akabaki juu akiruka kamba. Tulisikia mdundo hafifu tu, kama wa mbali. Maongezi bado yanapenya kidogo; mpira ule hasa ni wa vishindo.