Kuacha nyama, samaki, mayai na maziwa: kipi kitapungua mwilini?

Mwanakijiji_wa_Lushoto: Habari wakuu. Naomba mwongozo wa lishe, mambo ya imani tuyaweke kando. Mwanamke wa miaka 30, kilo 60, hana ugonjwa, anataka kula vya mimea tu: asiguse nyama, samaki, dagaa, mayai wala maziwa. Asubuhi hula chapati na chai ya rangi, mchana ugali kwa maharage na mchicha, usiku wali wa nazi au ndizi. Kipi kitampungukia kwanza? Apime nini? Na hizo faida za moyo na sukari zinazosemwa kuhusu ulaji huu ni za kweli?

Lishe_Kwanza: Mkuu, kabla ya yote ni vitamini B12. Hakuna mmea wa shambani wa kuutegemea kwa B12, hata ale mboga kapu zima. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 2.4 kwa siku, ila utumbo hufyonza kidogo sana kwa mara moja, ndiyo maana kidonge huwa na kipimo kikubwa: mikrogramu 50 kila siku, au 1000 mara mbili kwa wiki. Aanze wiki ileile anayoacha. Ini huweka akiba ya miaka kadhaa, kwa hiyo wengi hujiona wazima, wakadhani hawahitaji. Dalili zikija ni ganzi ya nyayo na vidole, ulimi kuuma, uchovu, kusahau, na ganzi iliyokaa muda mrefu huenda isiondoke tena.

Kuna mtego hapa. Maharage na mchicha vina foleti (vitamini B9) nyingi, na foleti huficha upungufu wa damu unaoletwa na kukosa B12. Picha kamili ya damu inaweza kutoka nzuri huku mishipa ya fahamu inaharibika. Apime B12 yenyewe, pamoja na hemoglobini na feritini (kipimo cha akiba ya chuma mwilini).

Asome pia lebo dukani. Vidonge vya mchanganyiko wa B1, B6 na B12 mara nyingi vina B6 miligramu 100 au 200. Vikimezwa miezi mingi, B6 hiyo nayo huleta ganzi. Atafute B12 peke yake.

Mwanakijiji_wa_Lushoto: Ahsante sana. Spirulina, ule unga wa mwani, je? Wauzaji wanasema ina B12.

Lishe_Kwanza: Iliyomo nyingi ni ya bandia: inafanana na B12 lakini mwili hauwezi kuitumia. Asiitegemee.

Jiko_la_Kuni: Niongeze upande wa jikoni, maana madini ya chuma hupotelea huko. Mwanamke wa umri huo anahitaji miligramu 18 kwa siku, na kwa asiyekula nyama kabisa makadirio hupanda karibu mara mbili, kwani chuma cha mimea hufyonzwa kwa shida. Kikombe cha maharage yaliyoiva kina takribani 4.

Aloweke maharage saa 12, amwage maji hayo, achemshe kwa maji mapya yatokote kwa nguvu dakika 10 kabla ya kupunguza moto. Kuloweka hupunguza fitati, yaani kemikali za kwenye nafaka na maharage zinazoshika chuma na zinki visifyonzwe. Kutokota huua sumu ya maharage mekundu, ambayo moto mdogo hauiondoi, na hapo ndipo watu hutapika. Magadi aache: yanalainisha haraka lakini yanaharibu vitamini B1 na kuongeza sodiamu. Choroko akiziotesha siku mbili, au ulezi akiufanya kimea, fitati hupungua zaidi.

Kila sahani ya maharage iende na kachumbari yenye hoho mbichi na ndimu, au chungwa, kwa sababu vitamini C huvuta chuma kiingie. Chai, hata ya rangi, iwe saa moja mbali na chakula. Hiyo chai na chapati ya asubuhi ndiyo ningeibadilisha mwanzo kabisa: uji wa kimea cha ulezi na karanga, chai baadaye.

Karanga na unga wa mahindi vikaguliwe. Vyenye ukungu, vilivyosinyaa au vichungu vitupwe, kwani sumukuvu haiondoki kwa kupika. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya mahindi ya namna hiyo yaliua watu 125.

Daftari_la_Afya: Kuhusu faida: ndiyo, nyuzinyuzi nyingi na mafuta magumu kidogo hushusha kolesteroli mbaya, na walaji wa mimea hupata kisukari cha aina ya pili kwa uchache zaidi. Lakini chipsi, maandazi na soda navyo ni mimea. Na wali wa nazi kila usiku unarudisha mafuta magumu yaleyale aliyoyakimbia kwenye nyama. Tui liwe mara mbili kwa wiki.

Hatari moja husahauliwa, nayo ni mifupa. Utafiti wa EPIC-Oxford wa Uingereza uliona wasiokula kabisa vya wanyama wakivunjika zaidi, hasa nyonga. Mchicha una kalsiamu, lakini oksaleti, kemikali iliyomo ndani yake, huifunga isifyonzwe. Sukuma wiki na chainizi ni bora zaidi kwa hilo. Maziwa ya soya ya nyumbani hayana kalsiamu ya kutosha, na yachemshwe vizuri. Protini alenge gramu 60: vikombe viwili vya maharage au dengu hutoa nusu, na hujaza lisini, kijenzi cha protini kilicho kidogo kwenye ugali. Chumvi iwe yenye madini joto, kijiko kimoja cha chai kwa siku kisizidi.

Akipanga kupata mimba, amwone mtaalamu wa lishe mapema. Mtoto anyonyaye kwa mama asiye na B12 huweza kudhurika ubongo ndani ya miezi michache, wakati mama mwenyewe hajaona dalili.